Orodha ya Manowari Guam

Watu 281. Hiyo ndiyo hesabu ya waliotolewa Mogadishu na kupelekwa kwenye manowari ya Kimarekani iitwayo Guam, mwanzoni mwa Januari 1991. Si "kama mia tatu hivi", wala si "umati wa watu". Ni 281, wametengwa kwa nchi zao, hawa Wamarekani, hawa Warusi, hawa mabalozi. Kabla meli haijafika Oman mama mmoja akajifungua humohumo ndani, na kichanga naye akatiwa kwenye hesabu. Wakawa 282.

Mwaka uleule, kutoka pwani ileile ya Benadiri, watu wengine walipanda majahazi na mashua wakaja Mombasa. Hao walikuwa wangapi? Wangapi walifika na wangapi walimezwa na bahari? Hapo, ndugu msomaji, hutapata hesabu ya mtu mmoja mmoja. Utapata neno "maelfu", basi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kwa sababu ninaandika riwaya (washikaji wangu wa kijiweni wanasema bado sijaanza, lakini hilo tuliache), na riwaya yenyewe inaanzia siku zile za Mogadishu. Katika kutafuta habari za kuijengea nikaona ajabu moja: meli hii ina wasifu uliokamilika kuliko wa babu yangu. Siku ulipowekwa mkuku wake inajulikana. Siku iliyoshushwa majini inajulikana. Hata siku iliyozamishwa inajulikana. Babu yangu alizaliwa "mwaka wa njaa". Basi nikasema, kabla ya riwaya, hebu niiandike historia ya meli.

Wengi wetu tukisikia manowari tunawaza mizinga mirefu na moshi. Guam haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa meli ya kuchukua askari na kuwateremsha nchi kavu kwa helikopta. Zamani jeshi likitaka kuvamia pwani, askari walishushwa kwenye mashua bapa, wakakimbia katika maji ya kiunoni huku risasi zikiwanyeshea. Hivyo ndivyo walivyokufa wengi katika visiwa vya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita wakubwa wa jeshi la Marekani wakajiuliza: kwa nini tupite ufukweni, mahali ambapo adui amekaa anatungoja? Kwa nini tusimruke? Ndipo zikajengwa meli saba za ukoo mmoja, zilizobuniwa tangu mkuku kwa kazi hiyo ya helikopta. Iwo Jima ndiyo iliyotangulia, kisha Okinawa, Guadalcanal, Guam, Tripoli, New Orleans na Inchon. Majina yote hayo ni ya mahali walipopigana vita. Guam ni kisiwa ambacho Marekani ilikitwaa kwa Hispania mwaka 1898, ikanyang'anywa na Japani mwaka 1941, ikakirudisha kwa damu nyingi mwaka 1944. Wenyeji wake, Wachamoro, katika kupokezana huko hakuna aliyewauliza kitu.

Urefu wa meli ulikuwa mita 180 na kidogo, karibu viwanja viwili vya mpira ukiviunganisha. Ikijaa ilikuwa na uzito wa tani 18,000. Juu, sitaha moja tambarare kutoka mbele mpaka nyuma, mnara umesimama upande wa kulia. Ndani, mabaharia zaidi ya mia sita, na nafasi ya kulala askari wa kikosi cha Marine wapatao 1,700 au zaidi, wamepangwa vitandani kama mikate kwenye tanuri. Ilikuwa na rafadha moja tu ya kusukuma maji, na hiyo moja ikiharibika, bwana, mmekwama. Wala haikuwa na ule mlango mkubwa wa nyuma ambao meli nyingine za aina hii huufungua wakatoa mashua na vifaru. Kwa hiyo karibu kila kilichotoka Guam kwenda nchi kavu, mtu au mzigo, kilipita angani. Tafadhali liweke hilo akilini, maana bila ya hilo habari ya Mogadishu haieleweki.

Mbinu yenyewe si ngeni kwetu. Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona hata kabla Guam haijaanza kazi. Januari 25, 1964, helikopta za manowari ya Kiingereza Centaur ziliwateremsha makomando kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, kuzima maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, na ni serikali ya Mwalimu Nyerere yenyewe iliyoomba msaada huo. Kambi hiyo leo inaitwa Lugalo. Haikuchukua muda, mambo yakaisha.

Mkuku wa Guam uliwekwa Philadelphia, Novemba 15, 1962, siku 18 tu baada ya Khrushchev kukubali kuyaondoa makombora yake Kuba na dunia kupumua. Ikashushwa majini Agosti 22, 1964, ikaingia kazini Januari 16, 1965. Ajabu ni kwamba sifa yake ya kwanza haikuwa ya vita. Septemba 15, 1966, chombo cha angani Gemini 11 kilianguka baharini, ndani yake Pete Conrad na Richard Gordon, ambao siku moja kabla walikuwa wamepanda juu ya dunia kilomita zaidi ya 1,300. Guam ndiyo iliyokuwa ikiwangojea. Helikopta ikawachukua, ikawatua sitahani. Mwaka 1970 ikaenda Peru. Tetemeko la Mei 31 lilikuwa limeua makumi ya maelfu ya watu, na mji wa Yungay ulikuwa umefukiwa mzimamzima na barafu na matope yaliyoporomoka kutoka mlima Huascarán. Barabara za milimani zilikuwa zimekatika, na helikopta za Guam zikapeleka vyakula na dawa, zikarudi na majeruhi. Baadaye, miaka ya sabini, ikatumiwa kufanyia majaribio ya ndege za Harrier, zile zinazoruka wima. Habari za majaribio hayo zinawapendeza mafundi. Mimi nazipita.

Mwaka 1982 ilikuwa Lebanoni. Israeli ilikuwa imeingia Beirut, na wapiganaji wa PLO walikubaliana kuondoka kwa bahari. Mwezi wa Agosti askari wa Marine wapatao 800 waliokuja na Guam na meli wenzake walishuka bandarini kusimamia kuondoka huko, pamoja na Wafaransa na Waitaliano. Hapo nakuta kwa mara ya kwanza katika wasifu wa meli hii ile kazi ambayo ingeirudia tena na tena: kusimama mlangoni, huku watu wakitoka.

Oktoba 1983 ina mambo mazito zaidi, na inafaa tuketi.

Meli ilikuwa njiani kuvuka Atlantiki, inarudi Beirut kubadilisha zamu. Oktoba 19, katika kisiwa kidogo cha Grenada, waziri mkuu Maurice Bishop aliuawa na watu wa chama chake mwenyewe. Meli ikaamriwa kugeuza. Oktoba 23, ikiwa Guam inaelekea Grenada, lori lililojaa baruti liliingia kwenye jengo walimolala askari wa Marine Beirut, wakafa Wamarekani 241. Siku hiyohiyo Wafaransa 58 wakafa kwenye jengo lao. Waliokuwa ndani ya Guam ndio waliokuwa wakienda kuwapokea zamu hao waliokufa. Hebu jiweke hapo. Wewe ni kijana wa miaka kumi na tisa, umelala kwenye kitanda chako cha turubai, unasikia kwamba jengo ambalo ungelala mwezi ujao limekuwa kifusi. Na meli yako inakwenda upande mwingine, kupiga kisiwa ambacho wiki moja nyuma hukujua kiko wapi.

Oktoba 25 wakavamia. Kamanda wa operesheni yote, Makamu Admirali Joseph Metcalf, alikuwa ndani ya Guam, na pembeni yake kama mshauri Meja Jenerali Norman Schwarzkopf, yule ambaye dunia ingemjua baadaye kwenye Vita vya Ghuba. Helikopta mbili za Cobra zilizoruka kutoka Guam ziliangushwa, askari watatu wakafa. Ndege za manowari nyingine zikaipiga kwa makosa hospitali ya wagonjwa wa akili, wakafa wagonjwa kadhaa. Siku chache baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaulaani uvamizi ule kwa kura 108 dhidi ya 9.

Lakini kuna jambo moja dogo ambalo sisi wenye ndoto ya kalamu tungepaswa kulikumbuka kuliko yote hayo. Waandishi wa habari walizuiwa kufika Grenada. Wachache waliwahi kuingia kwa mashua zao wenyewe. Walipotaka kutuma habari, hao wachache wakachukuliwa kwa helikopta hadi Guam, wakidhani wamepata simu ya kutumia. Wapi! Waliwekwa humo, vita vikiendelea dirishani kwao, na neno moja hawakuruhusiwa kutuma. Meli iliyokuwa na redio za kuzungumza na Washington haikuwa na redio ya mwandishi. Kwa hiyo mambo ya siku za mwanzo yalisimuliwa na waliokuwa wakipiga peke yao.

Baada ya Grenada meli ikaendelea na safari yake ya Beirut, ikakaa pale hadi Februari 1984, Marekani ilipowaondoa askari wake.

Sasa Mogadishu.

Mwishoni mwa Desemba 1990 wapiganaji wa USC waliingia jijini, na utawala wa Mohamed Siad Barre, uliokaa tangu mapinduzi ya Oktoba 1969, ukaanza kubomoka barabara kwa barabara. Balozi wa Marekani, James Bishop, aliomba waondolewe. (Ndiyo, naye ni Bishop. Ungeandika hivyo kwenye riwaya, Bishop mmoja Grenada na Bishop mwingine Mogadishu, mhariri angekuambia ubadilishe jina.) Wakati huo karibu manowari zote za Marekani zilikuwa zimeelekeza macho Iraki, iliyokuwa imeikalia Kuwait. Guam na mwenzake Trenton zikachomolewa kwenye kundi lililokuwa pwani ya Oman, karibu na kisiwa cha Masirah, na usiku wa Januari 2 zikang'oa nanga kushuka kusini.

Hali ikazidi kuwa mbaya, wakaona meli hazitawahi. Januari 5, saa tisa na robo tatu za usiku, helikopta mbili kubwa ziliruka zikiwa umbali wa maili za baharini 466 kutoka Mogadishu. Hiyo ni kilomita 860 na zaidi, pungufu kidogo ya Mombasa hadi Mogadishu kwa njia ya ndege. Helikopta haina mafuta ya safari kama hiyo. Mara mbili, angani, juu ya bahari, iliwabidi wajisogeze nyuma ya ndege ya mafuta na kuchomeka bomba kwenye mpira unaoning'inia. Ndani walikuwa askari 60, wa Marine 51 na makomando wa majini 9.

Wakafika alfajiri, wakaukosa ubalozi! Ramani walizopewa zilikuwa za zamani, na ubalozi ulikuwa umehamia eneo jipya mwaka 1989. Taifa linalotuma watu mwezini linakosa nyumba yake mwenyewe Mogadishu. Wakarudi baharini, wakajipanga, wakaingia tena, wakauona.

Na hapa ndipo kalamu yangu hukwama kila mara. Helikopta ziliposhuka, nje ya ukuta wa ubalozi walikuwapo Wasomali kama 100 hadi 150, wameegemeza ngazi ukutani, wanataka kuingia. Upepo na kishindo cha helikopta kikawatawanya. Taarifa zinasema hivyo tu: walitawanyika. Kisha taarifa zinarudi ndani ya ukuta, kwa watu wenye majina, na wale wa ngazi hatuwasikii tena.

Walikuwa nani? Inawezekana waliotaka kupora. Mji ulikuwa katika hali hiyo, na sitaki kumfanya kila aliyeshika ngazi kuwa malaika. Lakini inawezekana pia alikuwamo mwalimu wa shule, na mke wa mtu, na muuza duka aliyesikia kwamba ndani ya ukuta ule kuna usalama. Kwenye ngazi mia moja utapata kila aina ya mtu. Mwandishi wa taarifa ya jeshi halazimiki kuwatenga. Mimi nalazimika.

Siku nzima ile watu wa balozi nyingine walikimbilia kwa Wamarekani. Alikuja balozi wa Urusi ya Kisovieti na watu wake, 39 kwa jumla. Kwa miaka mingi Wamarekani na Warusi walikuwa wamegombea Somalia hiyohiyo, bandari ya Berbera kwanza ya huyu halafu ya yule, silaha za huyu halafu za yule. Sasa wamekaa sakafu moja wakingoja helikopta moja. Wamarekani wenyewe walikuwa 61. Mabalozi walikuwa wanane, na watu walitoka nchi thelathini.

Usiku, taa zote za ubalozi zilizimwa. Guam ilikuwa imefika karibu, na helikopta zake zikaja kwa mafungu manne, tano tano, marubani wamevaa miwani ya kuonea gizani. Katikati ya shughuli akatokea langoni ofisa mmoja wa Kisomali, mkono mmoja bomu la kutupa na mwingine redio, akisema shughuli hii haina kibali na kwamba ataamuru helikopta zitunguliwe. Balozi Bishop akakaa kuzungumza naye huku fungu baada ya fungu likiruka. Mwishowe yule ofisa alilainishwa kwa fedha na funguo za gari la balozi, lile lisiloingia risasi. Nimecheka kila nilipoisoma habari hii, halafu nikaacha kucheka. Bwana yule alijua kwamba kesho ubalozi haupo, Marekani haipo, na yeye yupo. Gari ni gari.

Saa sita za usiku fungu la mwisho likaondoka. Waporaji walionekana wakiingia uani hata helikopta haijafika mbali, na kabla ya saa mbili kupita milango ya jengo kuu ilikuwa imevunjwa kwa roketi. Tunalijua hilo kupitia kwa wafanyakazi wa Kisomali wa ubalozi. Wao hawakuchukuliwa. Walikuwa wakifungua lango, wakiendesha magari, wakipiga taipu, wakilinda, pengine kwa miaka. Lakini mwenyeji wa nchi hakuwa na nafasi kwenye helikopta.

Januari 11 Guam ikawateremsha watu wake Muscat. Siku sita baadaye Vita vya Ghuba vikaanza, na Mogadishu ikasahauliwa na magazeti. Siad Barre alikimbia mji mwishoni mwa mwezi huohuo.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Watu 281 waliokolewa bila ya hata mmoja wao kufa, kwa kazi ngumu ambayo ilitaka ujasiri wa kweli. Yule rubani aliyechomeka bomba gizani juu ya Bahari ya Hindi simdharau. Swali langu ni la orodha. Kila meli ya namna hii, kabla ya kuteremsha ngazi, ina mtu aliyeshika karatasi. Na karatasi hiyo imeandikwa mbali na bahari.

Karibu na kwetu, Kisauni, yuko bibi mmoja wa Kibarawa. Simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa hiyo. Yeye huuita mji wake Mwiini, na lugha yake ni Chimwiini, hicho Kiswahili cha Barawa ambacho mara ya kwanza ukikisikia unadhani unakijua chote, kumbe nusu kinakupita sikioni. Barawa ni mji wa mafundi na wafanyabiashara, watu wasio na jeshi lao, na mwaka 1991 kila kundi lenye bunduki lililopita lilichukua lake. Bibi alikuja kwa jahazi. Akakaa kambi ya Utange na maelfu ya wenzake, miaka, mpaka kambi ilipofungwa. Nikamuuliza, "Bibi, jahazini mlikuwa watu wangapi?"

"Mwanangu," akanijibu, "nani alikuwa na moyo wa kuhesabu?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuiona ile manowari. Akasema yeye hakuona manowari yoyote, aliona maji. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wengi wa waliokaa Utange na kambi nyingine za pwani baadaye walipelekwa Marekani na Uingereza, baada ya kuhojiwa, kupigwa picha na kuandikwa. Waliingia kwenye orodha mwishowe, baada ya miaka mitano au zaidi.

Mogadishu haikumaliza na ukoo huu wa meli. Desemba 9, 1992, dada yake Guam, Tripoli, ndiyo iliyoongoza meli zilizowateremsha askari wa Marine kwenye ufukwe wa Mogadishu, safari hii wakiingia, na waandishi wa habari walikuwa tayari wamejipanga mchangani na taa zao za kamera wakiwangoja. Linganisha na Grenada! Miaka tisa, na jeshi lililowafungia waandishi ndani ya meli sasa linamulikwa machoni likitoka majini. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka meli za Kimarekani kwa namna nyingine: tangu mkataba wa 1980 zilikuwa zikitia nanga Kilindini, mabaharia wakamwagika mjini, na biashara, halali na isiyo halali, ikachangamka.

Guam ilifanya kazi ya mlangoni mara moja zaidi. Aprili 1996 Monrovia iliwaka moto, na meli ikaenda kukaa mbele ya pwani ya Liberia, askari wake wakilinda ubalozi pale Mamba Point. Katika operesheni ile yote watu zaidi ya 2,000 waliondolewa, wengi wao kabla Guam haijafika. Mwezi wa Mei sehemu ya askari hao ikapelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako nako askari wa nchi walikuwa wameasi. Na mwezi huohuo wa Mei meli ya mizigo ya Kinaijeria iitwayo Bulk Challenge iliondoka Monrovia imejaza maelfu ya Waliberia waliolipa nauli zao wenyewe. Ilikuwa inavuja. Kodivaa ikaifukuza bandarini. Ikazunguka baharini siku kadhaa na watu wakiugua, mpaka Ghana ilipokubali kuipokea Takoradi, Mei 14. Bahari moja, mwezi mmoja. Ukiuliza idadi ya waliokuwa kwenye Bulk Challenge, utarudishiwa neno lilelile la "maelfu".

Guam ilistaafishwa Agosti 25, 1998, imefikisha miaka 33 kazini. Haikuuzwa chuma chakavu. Oktoba 16, 2001, wiki tano kamili baada ya majengo ya New York kuanguka, ilivutwa hadi maji marefu ya Atlantiki ikafanywa shabaha ya mazoezi, ikapigwa na wenyewe mpaka ikazama. Tripoli ilisubiri zaidi. Ilitumika kurushia makombora ya majaribio, ikaishia kukatwakatwa Texas mwaka 2018.

Ile Trenton iliyokwenda nayo Mogadishu ndiyo iliyopata maisha ya pili. Mwaka 2007 Marekani iliiuza India, ikabatizwa jina la Jalashwa. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona na ndege zote ziko chini, Jalashwa ilitumwa Malé, mji mkuu wa Maldivi, kwenda kuwachukua Wahindi waliokwama. Wakapangwa bandarini wamevaa barakoa, wakapimwa joto, wakaitwa mmoja mmoja. Walikuwa 698.

Riwaya yangu bado iko ukutani Mogadishu, Januari 5, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimemweka msimulizi sitahani Guam, kwa sababu sitahani kila kitu kinajulikana: saa, umbali, majina ya helikopta. Wiki iliyopita nimemshusha. Sasa ameshika ngazi, upepo wa helikopta umemjaza mchanga machoni, na mimi sijui alikotoka wala anayemngojea nyumbani. Kurasa tatu tu nimepata. Jioni nitakwenda tena kwa bibi.